Mkalimani wa Rudakov

Baba yake Kapitolina alikuwa akisema na ng'ombe kwa Kijerumani. Gury Zotov alitekwa katika vile Vita vya Kwanza vya Dunia, akapelekwa kufanya kazi kwenye shamba la mjane mmoja huko Saksonia, na aliporudi Zarechensk hakuleta kitu ila viatu vya mbao, kikohozi, na maneno ya Kijerumani, yote ya zizini. Mkewe Fevronia alimsihi aseme na mnyama Kirusi, kama watu wengine wa kando ya mto Don.

"Kirusi hasikii," alijibu Gury.

Na kweli hakusikia. Ng'ombe yule akiambiwa asimame kwa Kirusi alijiendea tu, lakini akiambiwa kwa Kijerumani alisimama wima kama askari wa gwaride. Watoto wa mtaa walikuja kumtazama na kucheka mpaka wakashika mbavu. Kapitolina, aliyezaliwa mwaka 1919, alijua kumgombeza ng'ombe kwa Kijerumani kabla hajajua kusoma jina lake mwenyewe.

Kutoka zizini lugha ile ikamfuata shuleni, na kutoka shuleni mpaka Chuo cha Ualimu cha mji. Huko, katika chumba cha vitabu ambacho hakuna aliyekipenda kwa sababu ya baridi, alikuta mashairi ya Wajerumani wa miaka mia tatu nyuma, wakati majeshi ya madhehebu mawili yalipochomeana vijiji kwa miaka thelathini. Watunzi wenyewe walikuwa walimu wa shule, wachungaji, makarani. Watu wadogo waliotunga huku moshi unawaingia machoni. Kapitolina alisoma amevaa koti na glovu zilizokatwa vidole. Alikuwa na miaka ishirini. Aliona kwamba watu hawa hakuna aliyewasemea, akajiambia kimoyomoyo kwamba yeye atawasemea.

Vita vya pili vikaja. Jeshi likamchukua kuwa mkalimani, kisha likamkabidhi kipaza sauti kilichofungwa juu ya lori. Wajerumani walikuwa wameuteka ukingo wa kulia wa Don, ule wa juu, wenye soko na kanisa na mtaa wa akina Zotov. Jeshi letu lilikuwa ukingo wa kushoto, ndani ya mahandaki ya theluji. Kazi ya Kapitolina ikawa kuupigia kelele mji aliozaliwa. Alipewa karatasi iliyoandikwa huko makao makuu: jisalimisheni, mtapewa supu ya moto. Alisoma kila alfajiri. Wajerumani walijibu kwa makombora.

"Kapteni," alimwambia mkuu wake, Sabirov, Mtatari mmoja mfupi asiyetoa kiko mdomoni, "hawa supu wanayo. Ruhusu niwasomee kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Shairi."

"La nani?"

"La Mjerumani mwenzao aliyekufa zamani."

Sabirov akafikiri. "Aliyekufa zamani hana ubaya na mtu," akasema. "Soma. Lakini liwe fupi, kabla hawajapata shabaha."

Lilikuwa shairi la mtu anayerudi kijijini kwake baada ya jeshi kupita. Anapita mlango hadi mlango, anaita majina, na hakuna anayeitika ila mbwa. Kapitolina alilisoma polepole, na alipomaliza, ng'ambo ya mto pakawa kimya. Hawakupiga kombora. Kulipopambazuka watu wanne walivuka barafu wakiwa wameinua mikono. Mmoja, mwokaji mikate mwenye masikio yaliyokufa kwa baridi, aliuliza kabla hata hajapekuliwa, "Yuko wapi yule dada wa shairi?" Sabirov alicheka mpaka kiko kikamdondoka, na siku hiyo hiyo akampendekezea Kapitolina nishani. Sabirov hakuwahi kuiona ikifika. Aliuawa mwaka uliofuata kwenye kivuko cha mto Dnieper.

Vita vilipokwisha Kapitolina akarudi chuoni. Mtaa wao ulikuwa majivu. Gury alikuwa ameshafariki, na Fevronia aliishi kwenye chumba kimoja na jiko, katika nyumba iliyobakiwa na nusu ya paa. Kapitolina alifundisha mchana, na jioni aliandika tasnifu yake juu ya wale watunzi wa vita vya miaka thelathini.

"Umesoma miaka yote hii ili ujue nyumba za Wajerumani ziliungua vipi?" Fevronia alimwuliza huku akimenya kiazi kilichoganda. "Zetu nazo zimeungua. Mbona hakuna anayezisomea?"

"Mtu atazisomea, mama."

"Asichelewe basi. Nitamwonyesha mahali."

Wakati huo ndipo alipoingia Lavr Rudakov. Alikuwa mwanafunzi wake, ametoka jeshini na pafu moja bovu, koti la kijeshi ndilo nguo na ndilo blanketi. Ile njaa ya baada ya vita ilimkuta akilala kwenye benchi la stesheni. Kapitolina alimleta nyumbani kama mtu anavyookota paka aliyelowa. Wakamfungia pazia kwenye pembe ya jiko, akakaa nyuma ya pazia hilo karibu miaka miwili. Fevronia alimwita Lavrusha, akamfulia, akamkanda kifua kwa mafuta ya taa, na siku ambayo supu ya kiazisukari haikutosha, aliyekosa hakuwa Lavrusha.

Kwa lugha hakuwa na kipaji. Sikio lake lilikuwa zito kama kiatu cha manyoya, na Kijerumani kilimtoka mdomoni kikiwa kimevunjika mguu. Lakini alikuwa na sauti nzuri ya jukwaani, na bidii, na alipenda kusikiliza. Jioni Kapitolina alimsomea kurasa za tasnifu alizomaliza, naye Rudakov alinakili alichoweza kwenye karatasi za kufungia sabuni. Baada ya hapo Fevronia alisimulia habari za marehemu Gury na ng'ombe wake, na wote watatu walicheka. Kapitolina aliwahi kumwambia mama yake kwamba amepata mdogo wa kiume.

"Mdogo gani asiyeteka maji?" Fevronia alisema, lakini alisema kwa mapenzi.

Mwaka 1949 ukavuma upepo kutoka Moscow. Magazeti yaliandika kwamba katika vyuo kumejificha watu wanaosujudia mambo ya nje, na kila chuo kilitakiwa kumtafuta wake. Zarechensk haikuwa na wengi wa kuchagua. Nani angefaa kuliko mwanamke anayefundisha Kijerumani, aliyeandika kurasa mia tatu za kuwahurumia Wajerumani?

Usiku wa kuamkia mkutano wa chuo wa kumhukumu Kapitolina, Rudakov alikula nao kama kawaida. Alimaliza sahani yake, akasukuma mbele, akaomba nyingine. Fevronia akampa.

Kesho yake, katika ukumbi wa chuo, mwenyekiti alipouliza nani ana la kusema, aliyeinuka ni yeye. Kapitolina alidhani anainuka kumtetea. Dhana hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko yote baadaye, kwamba kwa muda wa pumzi mbili alishukuru.

"Ndugu zangu," alisema Rudakov kwa ile sauti nzuri, "mimi namfahamu Ndugu Zotova kwa karibu. Wakati vijana wetu wanakufa ukingoni mwa Don, yeye alikuwa anawasomea adui mashairi. Siyo amri ya jeshi, ndugu zangu. Mashairi! Alikuwa anawaliwaza. Na tushangae nini? Nyumbani kwao hata ng'ombe alifundishwa Kijerumani."

Ukumbi ukaangua kicheko. Watu wengine walicheka kwa sababu ni jambo la kuchekesha, wengine kwa sababu waliogopa kuonekana hawacheki.

"Ndugu Zotova ana jibu?" aliuliza mwenyekiti.

Kapitolina alisimama. Alikuwa na mengi, lakini kilichotoka kilikuwa kidogo.

"Walikuja wanne," alisema.

"Akina nani?"

"Waliovuka barafu. Baada ya shairi. Walikuja wanne."

"Wanne!" Rudakov aligeukia ukumbi akafungua mikono. "Wanne kutoka jeshi zima, ndugu zangu!"

Wakacheka tena. Kisha wakapiga kura, na mikono ikainuka yote.

Rudakov alihama jioni ile ile. Alipokuja kuchukua vitu vyake Kapitolina alikuwa amekaa dirishani, amegeuza mgongo. Fevronia alimsimamia akifunga mzigo, na alipofika mlangoni akamwambia, "Kwa hiyo jana ulikuwa unajua."

Rudakov akakaza kamba ya mzigo.

"Na ukaomba sahani ya pili."

"Mama Fevronia..."

"Mama yako yuko Penza. Shika njia."

Kapitolina alifukuzwa kazi, na nakala za tasnifu yake zikabaki kwenye ofisi ya idara, kwa maelezo kwamba zitachunguzwa. Mhandisi mmoja, Platon Verigin, ambaye alikuwa akija Jumapili kumtembelea na ambaye Fevronia alikwisha kumfumia soksi, akaacha kuja. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha siri, na kiwanda cha siri kina masharti yake. Hakuja hata kuaga. Fevronia alizivaa zile soksi mwenyewe.

Kazi aliyopata ilikuwa kwenye shule ya ufundi ya reli. Alifundisha vijana waliotaka kuwa madereva wa treni, na somo la Kijerumani kwao lilikuwa mahali pa kulala. Aliwafundisha kusema: injini ina moshi, moshi unakwenda juu, mimi ni mwanafunzi wa reli. Mwaka ukiisha, wengine wanakuja, injini ina moshi. Alifundisha vizuri. Hakuna aliyeweza kusema alifundisha vibaya. Lakini akirudi nyumbani alikaa na koti lake bila kulivua, na mama yake alijifunza kutomsemesha mpaka chai ichemke.

Mwaka wa tano wa shule ya reli, alipita kwenye duka la vitabu la barabara kuu kununua wino. Kitabu kilikuwa dirishani. Kilikuwa kinahusu mashairi ya Kijerumani ya zama za vita vya miaka thelathini, na mwandishi wake ni L. Y. Rudakov. Kapitolina aliingia, akakichukua, akasoma amesimama. Dibaji haikuwa yake. Ilijaa hotuba za viongozi. Sura ya kwanza ilikuwa yake, na ya pili, na ya tatu. Sentensi zilimjia kama watoto wake waliovalishwa nguo za mtu mwingine. Alipofika sura ya nne akakuta mahali alipoandika kwamba mtunzi fulani alifia Breslau. Alikuwa amekosea. Aligundua kosa hilo mwenyewe wiki chache kabla ya mkutano, hakuwahi kulisahihisha kwenye nakala ya ofisi. Na humu kitabuni, mtunzi maskini alikuwa amefia Breslau.

"Unanunua au unasoma?" aliuliza muuzaji.

"Nasahihisha," alisema Kapitolina. Akakirudisha mahali pake, akanunua wino.

Nyumbani alimwambia mama yake. Fevronia alikwangua kitu mezani kwa ukucha.

"Kizuri?" aliuliza.

"Kitabu? Kizuri."

"Angalau."

"Mama, usiseme angalau."

Upepo ukageuka. Mwaka 1956 watu waliofukuzwa walianza kurudishwa, na chuo kikamwita Kapitolina. Hakurudishwa kwenye cheo chake. Alirudishwa kuwa mhadhiri wa kawaida katika idara ambayo mkuu wake sasa alikuwa Lavr Yemelyanovich Rudakov, profesa, tumbo limemtangulia kidogo. Kabla hajaanza kazi, Rudakov alikuja nyumbani na keki ndani ya boksi lenye utepe. Fevronia alimfungulia, akaipokea keki.

"Keki itaingia," alisema. "Wewe rudi." Akafunga mlango.

Lakini kazini hakuna Fevronia wa kufunga mlango. Asubuhi ya kwanza Rudakov alimshika mkono kwa mikono miwili.

"Kapitolina Guryevna, mambo yalikuwa vile. Nyakati zenyewe. Mnielewe."

"Nani 'mnielewe'? Niko peke yangu hapa."

"Sote tuliumia."

"Wewe uliumia wapi, Lavr?"

Akatabasamu kama mtu aliyesikia mzaha. Tangu siku ile hakurudia tena habari hiyo, na alimtendea kwa adabu mbele ya watu. Alimpa saa nyingi za kufundisha. Kila Kapitolina alipoomba kuchapisha makala alimwambia asubiri kidogo. Majina ya watakaokwenda mkutano Leipzig yalipopelekwa Moscow, lake halikuwemo. Afya, Kapitolina Guryevna, safari ni ndefu, na mama yako ni mzee. Fevronia alifariki mwaka 1961, na hata baada ya hapo safari zilibaki ndefu. Wanafunzi walisoma kitabu cha Rudakov kwa ajili ya mtihani. Kapitolina ndiye aliyewafafanulia, sura kwa sura. Walipofika kwenye habari ya Breslau aliwaambia, "Hapo futeni, andikeni Glogau," na wakafuta bila kuuliza.

Kwa nini hakuhama? Alijiuliza. Mji mwingine ungemtaka nani, mwanamke wa umri ule, asiye na kitabu? Na chumba cha vitabu kilikuwa hapa.

Miaka ikapita hivyo hivyo. Mwaka 1978 chuo kikapata mgeni ambaye mfano wake haukuwahi kuonekana Zarechensk: Profesa Detlev Ahlers, kutoka Ujerumani ya Magharibi. Alikuwa amesoma kitabu kile kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, na aliomba kibali huko Moscow aje amwone mwandishi. Chuo kikapaka rangi ngazi. Vyoo vikapata sabuni. Rudakov hakulala, kwa maana Kijerumani chake, hata baada ya miaka zaidi ya ishirini ya uprofesa, kilitosha kuagiza bia tu.

Alimwita Kapitolina ofisini.

"Nitahitaji mkalimani," alisema, akitazama kalamu yake. "Kwa heshima tu. Mtu wa daraja langu haongei moja kwa moja. Ni itifaki."

"Chukua Inessa."

Inessa Pavlovna alikuwa mhadhiri kijana, mwerevu, ambaye Kapitolina alimfundisha, akampenda, na akamweleza habari ya kitabu.

"Inessa haijui mada," alisema Rudakov.

Kapitolina alimtazama mpaka yule mtu akainua macho. "Na wewe unaijua?" aliuliza. Lakini alikubali.

Walikaa katika ukumbi ule ule wa mwaka 1949. Viti vilikuwa vipya. Meza ilijaa samaki wa kuvutwa moshi, machungwa ambayo walimu waliyaibia macho tangu asubuhi, na konyaki ya Armenia. Ahlers alikuwa mrefu, mwenye haya, suruali fupi kidogo. Alisema kwamba katika maisha yake hakusoma kitu kilichomgusa kama sura ya nne, na akauliza. Katika shairi lile la mtu anayeita majina mlango hadi mlango, profesa ameandika kwamba kurudiarudia kwa majina si sala bali ni hesabu. Wajerumani wenyewe kwa miaka mia tatu wamesoma kuwa ni sala. Profesa alionaje jambo hili? Alilipata wapi?

Kapitolina alitafsiri kwa Kirusi, neno kwa neno. Rudakov akasafisha koo.

"Mwambie," alisema, "kwamba kurudiarudia huko kunadhihirisha mwamko wa umma wa wakulima dhidi ya ukabaila. Na kwamba chuo chetu kina maabara mpya ya lugha."

Ukumbi ulikuwa unasubiri. Kapitolina alikuwa kama mtu mwenye kisu mkononi. Angeyapeleka maneno yale kama yalivyo, kwa Kijerumani safi kabisa, na yule mgeni angeweka kalamu chini, na jina la Rudakov lingekufa pale pale juu ya samaki. Ndiyo kazi ya mkalimani, kutoongeza na kutopunguza. Hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Alishafungua kinywa.

Kisha akamwona yule mtu wa shairi, anasimama kwenye mlango ulioungua, anaita. Na mwokaji mikate mwenye masikio meusi. Na mtaa wao baada ya vita, Fevronia akimwonyesha kwa kidole: hapa walikaa akina Burtsev, hapa akina Sinelnikov, hapa yule mshona viatu na watoto wake.

"Profesa anasema," alisema kwa Kijerumani, "kwamba hakulipata kitabuni. Mji huu uliungua. Waliorudi walipita mitaani wakitaja majina ya wenye nyumba, na hawakuwa wanasali. Mtu anayesali humwambia Mungu. Wao waliambiana wao kwa wao, ili jumla isipotee. Ndipo akaelewa shairi."

Ahlers alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaandika. Kisha akauliza lingine, na lingine. Rudakov alizungumzia mavuno, mpango wa miaka mitano, urafiki wa mataifa. Na kwa upande wa pili wa Kapitolina yakatoka mambo ambayo alikuwa ameyafikiri peke yake kwa miaka arobaini, bila mtu wa kumwambia. Mashavu yalimwiva. Hakuwahi kuwa na mazungumzo kama yale maishani, na hayakuwa yake.

"Anaandika nini muda wote?" Rudakov alimnong'oneza. "Nimesema nini?"

"Umesema vizuri, Lavr Yemelyanovich."

Mwishoni Ahlers alisimama na gilasi. Alisema amekutana na wasomi wengi, lakini si mtu aliyechimba kutoka ndani ya maisha yake mwenyewe namna hii. Kisha akamgeukia Kapitolina kwa adabu: "Na asante kwako pia, bibi. Unatafsiri vizuri mno. Mtu anasahau kabisa kwamba upo."

Kapitolina alitafsiri hilo pia, bila kupunguza. Rudakov akapiga makofi.

Inessa, ambaye alikuwa amekaa mwisho wa meza na alisikia lugha zote mbili, alimfuata nje ya ukumbi akiwa mweupe kama chaki.

"Mwalimu, kwa nini? Ungemwacha! Alikuwa anajizika mwenyewe, ungemwacha tu!"

"Punguza sauti."

"Mtu alikutupa nje kama takataka, akala kitabu chako, na wewe unamtilia akili kinywani?"

"Ningefanyaje, Inessa?" Kapitolina aliegemea ukuta. "Watu wale walichomewa nyumba. Wamekaa miaka mia tatu wakisubiri mtu awaelewe. Leo anakuja mtu mmoja kutoka kwao kuwauliza, halafu nimpe jibu la Rudakov?"

"Na hasira huna?"

"Nani kasema sina?"

Miezi michache baadaye Rudakov alialikwa Ujerumani, akatunukiwa udaktari wa heshima. Alikwenda na mkalimani wa wizara. Alirudi amenenepa, akamletea Kapitolina boksi la chokoleti lenye picha ya ngome.

"Pakoje?" alimwuliza, maana hakuweza kujizuia.

"Wapi?"

"Huko. Mitaa. Watu wanavyosema."

Rudakov alifikiri kwa dhati. "Bia ni nzuri," alisema.

Alikufa mwaka 1987, na wakamzika kwa bendi ya shaba. Ukumbi ule wakaupa jina lake. Nyakati zilipolegea, Inessa alitaka kuandika ukweli gazetini, Kapitolina akakataa. Alisema ataonekana mwanamke mzee anayempekua maiti mifuko. Inessa akaandika hata hivyo. Mhariri alimjibu kwa upole kwamba zama zile zilimwumiza kila mtu, na kwamba mjane wa profesa ana shinikizo la damu. Nakala za tasnifu? Zilikwisha kuchomwa zamani pamoja na makaratasi mengine ya idara.

Nchi ikavunjika. Pensheni ikawa haitoshi hata mkate. Ndipo wakaja Wajerumani.

Walikuwa Wajerumani wa huku huku, ambao mababu zao walilima kando ya Volga na ambao mwaka 1941 walipakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Kazakhstan kwa kosa la kuwa Wajerumani. Sasa walikuwa wanahamia vijiji vya jirani, wakisubiri kibali cha kwenda Ujerumani, na ubalozi uliwataka wajue lugha. Wengi hawakuijua. Walikatazwa kuisema, wakaisahau. Kapitolina akawa anawafundisha jikoni, nao wakamletea viazi, mafuta ya nguruwe, mbegu za alizeti.

Aliyempenda zaidi ni Emma Lippert, mkamua maziwa wa miaka hamsini na kitu, mikono kama makasia.

"Bibi Kapitolina, hebu nichekeshe," Emma alisema akitupa kalamu. "Walitufukuza kwa kuwa Wajerumani. Leo naambiwa mimi si Mjerumani wa kutosha. Kwani mimi ni nani?"

"Wewe ni mwanafunzi mvivu. Rudia kitenzi."

"Kitenzi chenyewe kinakaa mwisho wa sentensi! Mtu anajuaje unasema nini mpaka umalize?"

"Anasubiri. Ni watu wa subira."

"Mbona babu yangu hakuwa hivyo."

Emma alishindwa mara ya kwanza, akapita mara ya pili. Siku ya kuaga alimletea bata mzima, akamkumbatia mpaka mifupa ikalia.

"Umenifundisha kila kitu, hata jinsi ya kununua tiketi ya tramu. Kwani uliishi huko muda gani?"

"Sijawahi kufika."

Emma alimwachia. Alimtazama usoni kuona kama anatania. Kisha akakaa kwenye kiti, yule mwanamke mkubwa, akaanza kulia, na Kapitolina akakasirika, akamwambia asilie, treni itamwacha.

Mmoja mmoja waliondoka, ukoo baada ya ukoo. Emma alikuwa akipiga simu mara moja moja, kutoka mji ambao Kapitolina aliujua mtaa kwa mtaa kwa sababu mmoja wa watunzi wake alizikwa hapo. Alisema watoto wamezoea. Alisema majirani wanamwita Mrusi. Kapitolina alimwuliza kuhusu kaburi, kama bado lipo nyuma ya kanisa, na Emma akaahidi kwenda kutazama, lakini kazi ya kufagia hospitali ilimchosha, na kila mara alisahau.

Kapitolina Guryevna Zotova alikufa mwishoni mwa majira ya baridi ya mwaka 1998. Ardhi ilikuwa ngumu, wachimbaji wakaanza na moto wa matairi ili kuilainisha, na moshi mweusi uliwaingia machoni waombolezaji watano waliokuja. Chuo kilituma shada la maua ya plastiki. Juu ya utepe waliandika kwa herufi za dhahabu: Kwa Kapitolina Grigoryevna, mkalimani, kutoka kwa wenzake.

Inessa alisoma, akasoma tena; hata jina la baba yake, Gury, walikuwa wamelikosea. Akatoa mkasi mdogo wa kucha kwenye mkoba, akaukata ule utepe, akautia mfukoni. Shada likawekwa juu ya udongo hivyo hivyo, bila jina.